Mvure Wangu na Kamba Fupi

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1974

Lori la kutuhamishia kijiji kipya limekuja. Limebeba vitanda, vyungu, kinu, mahindi, kuku kumi na mmoja, na Immakulata binti yangu wa mwisho, kakaa juu ya mizigo utadhani harusi ni leo. Mvure wangu wameukataa!

Naandika haya kwenye daftari la kisomo cha watu wazima. Mwalimu alisema tuandike kila siku mkono usisahau. Mkono wangu hausahau kitu. Ila nina hasira, na hasira ikilala tumboni inanikosesha chakula.

Mvure ni ule mtumbwi wa gogo tunaokamulia ndizi na kulazia pombe. Huu wangu aliuchonga marehemu mume wangu mwaka aliozaliwa mwanangu Reverien. Urefu hatua nane. Ufa hakuna. Muyama nzima hakuna mwingine kama huo, na anayebisha aje na wake tupime. Dereva akasema gari ni la vitu vya maana, hilo gogo nikalipasue kuni. Nikamwambia apasue kuni lori lake, maana nalo ni bovu. Watu wakacheka. Dereva hakucheka. Mvure umebaki, nami nimebaki nao kwenye nyumba ya zamani.

Kijiji kipya kiko ng'ambo ya mto. Lori linazunguka mbali kwa barabara, na daraja la miguu la magogo ni jembamba, lina kona katikati. Mvure wa urefu ule haukati kona. Wa jirani yangu Kezia ulipita juzi mabegani mwa wanawe. Si ajabu, mvure wa Kezia ni bakuli la mbwa. Tena yeye Mwanglikana, anasema ni wa maji matamu ya ndizi tu, pombe hanywi. Sisi majirani tuna macho.

Jioni kaja kunipa pole. Eti, "Usijali mama Reverien, utakamulia kwenye wangu."

Utakamulia kwenye wangu!

Jumamosi tarehe 26 wakwe wanatoka Kibondo kumchukua Immakulata. Nimpe binti yangu kwa pombe ya mvure wa kuazima? Wa Kezia? Wakwe warudi kwao waseme yule mama hana hata chombo? Hapana. Jumanne tarehe 22 ndiyo siku ya kukamua. Siku hiyo mvure wangu utakuwa ng'ambo, au mimi si Theodosia.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Mungu kasikia. Reverien kafika na basi la jana, kaingia alfajiri na begi la turubai. Mwanangu wa pekee wa kiume. Ni baharia kwenye meli ya mizigo huko ziwani, tena si baharia wa kufagia. Ni serahangi, mkubwa wa watu wa sitahani, kule juu ya meli. Meli yao imepandishwa nchi kavu Kigoma kupakwa rangi, kapewa likizo ya wiki mbili.

Baada ya misa nimemkalisha anieleze kazi yake. Wengine wanasema mwanangu anafunga kamba tu. Wakamsikilize kwanza! Meli ikikaribia gati haiwezi kusimama kama baiskeli. Ina uzito, inaendelea tu. Basi Reverien anasimama mbele na kamba nyembamba yenye fundo zito kichwani. Anaizungusha, anairusha, inatua gatini miguuni pa mtu. Yule mtu anaivuta, na nyuma yake imefungwa kamba nene kama mkono wangu, yenye kitanzi. Kitanzi kinavishwa kwenye kisiki cha chuma. Kule sitahani wenzake wanaizungusha ile nene kwenye visiki viwili, huku, kule, huku, kule, kama namba nane. Namba nane naijua kuiandika. Hapo mtu mmoja mwembamba anaishikilia meli nzima. Mtu mmoja! Nimemwambia arudie hiyo sehemu. Karudia mara tatu.

Kanionyesha kwa kamba ya ndoo. Vidole vyake vinakwenda vyenyewe, macho yako kwangu. Kafunga kitanzi, nimevuta kwa nguvu zangu zote, hakikukaza wala hakikulegea. Kakisukuma kidogo kwa dole gumba, kimefunguka. Akasema fundo zuri ni lile linaloshika ukiliomba na kufunguka ukiliomba. Nampenda mwanangu, ila hapo simuungi mkono. Fundo linalokubali kufunguka halina msimamo.

Kuna na sheria zao. Usisimame ndani ya duara la kamba iliyolazwa chini, ikikimbia inakwenda na mguu wako. Usisimame mbele ya kamba iliyokaza, ikikatika inarudi kama kiboko cha radi. Usiizungushe mkononi. Anayetoa amri ni mmoja, wengine wote kimya. Hiyo ya mwisho nimeipenda sana. Kwenye nyumba hii mmoja huyo ni mimi.

Nikamwambia habari ya mvure. Kaenda kuutazama. Kaugonga kwa ngumi, kalala chini kuchungulia mgongo wake, kainuka anatabasamu. Eti baba alichonga chombo, si sufuria. Utaelea. Nusura nilie, nikamkemea kwa kuchafua shati.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Shauri limepita. Mvure utavuka mto kama meli! Reverien anasema haiwezekani kwa kamba tulizonazo, zote za mbuzi. Inatakiwa ndefu ya katani. Kesho anaenda Kasulu kwa Tamimu mwenye duka, ambaye watu wake wana asili ya pwani na hauzi kamba iliyooza. Kisha apite Kibondo kuwathibitishia wakwe siku. Arudi Alhamisi. Ijumaa tuvushe.

Kanisihi nisiuguse mvure mpaka arudi. Kasema mto wakati huu haueleweki, mvua zimeanza huko juu upande wa Burundi, maji yanaweza kupanda bila sisi kuona wingu. Chombo kikiwa majini, kasema, kamba iachiwe nafasi na iangaliwe. Maji yakipanda unalegeza, yakishuka unavuta. Meli ikishusha mizigo inainuka, unalegeza tena. Mtu wa zamu hakai, anatembea anazigusa kamba moja moja kama mama anayegusa paji la mtoto mwenye homa.

Nimesema ndiyo mwanangu.

Jumatano, tarehe 16 Oktoba

Nimeugusa.

Nani angevumilia? Asubuhi Kezia kapita na kapu kichwani, anauliza kwa sauti ya kusikika bondeni kama mvure wangu bado unangojea lori. Basi nikaita akina mama wa kikundi chetu cha kisomo, tisa, nikakata vigogo vya migomba tukavitandika njiani, tukausukuma mvure juu yake. Unaenda huo! Cha nyuma kikitoka tunakileta mbele. Nimetoa amri peke yangu, wengine kimya, kama meli. Mmoja tu ndiye aliyebishabisha, nikamrudisha nyumbani kwake.

Umeingia majini saa tisa. Umeelea! Mweusi, mrefu, umetulia kama padri. Nimeutazama mpaka shingo ikauma. Marehemu angeona!

Nikaufunga mwenyewe, mbele na nyuma, kwenye visiki viwili vya mkaratusi vilivyo ukingoni. Kamba za mbuzi zinatosha kabisa. Nimefunga fupi. Kila mtu mwenye akili anajua, mbuzi ukimfunga kamba ndefu anafika kwenye maharage ya jirani, na kesi utaisikia mpaka Pasaka. Miaka hamsini nafunga mbuzi, hajakata kamba hata mmoja. Mafundo matatu matatu kila upande, na maji nikayamwagia yakaze. Habari ya kuachia nafasi ni ya meli, zina injini. Chombo kisicho na injini kitaenda wapi?

Kezia alikuja kutazama. Siku nzuri sana.

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba

Sitaki kuandika.

Nitaandika. Asubuhi kumekucha kukavu, wingu hakuna. Nimefukia ndizi shimoni ziive, na moshi nikaziwekea. Nikateremka mtoni nikiwa nimevaa kanga nzuri. Mto umepanda. Maji ya mvua ya watu wengine! Umepanda kimo cha goti, na kamba zangu fupi zimekataa kupanda nao. Zimeushikilia mvure palepale chini. Maji yameingia ubavuni, tope likafuata, mvure umezama. Imebaki pua tu juu ya maji, inanitazama.

Na nani yuko ukingoni kabla yangu? Kezia. Kashika kiuno. Eti, "Mama Reverien, meli yako inakunywa."

Nikamjibu angalau yangu inakunywa hadharani.

Nimejaribu kufungua. Mafundo yangu yamekaza kama meno ya mamba, nusu yako chini ya maji. Nikataka panga, Kezia akanishika mkono, eti nikikata upande mmoja, mto utaubeba mzima. Nikamuuliza amejuaje. Kasema alimsikia Reverien Jumapili, alikuwa anachuma mboga nyuma ya ua. Nyuma ya ua wangu! Mboga zangu!

Reverien kafika jioni na kamba ya katani begani, nzito, nyeupe, inanukia duka. Kaenda mtoni. Kanitazama, kautazama mto. Hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Kavua viatu tu, kakaa ukingoni anayatazama maji mpaka nikachoka kumtazama yeye. Kisha kaniuliza kama nimeshakula.

Ijumaa, tarehe 18 Oktoba

Leo nimeona kazi. Nilikuwa nasimuliwa, leo nimeiona kwa macho haya. Naandika mguu ukiwa ndani ya beseni, nitaeleza kwa nini.

Kwanza kakusanya watu, watu kumi na wanne, kawapanga kama mwalimu. Tharsisi mwenyekiti wa kijiji naye kapangwa, kakubali. Kasema akiinua mkono ni vuta, akiushusha ni legeza, akikunja ngumi ni shika hapohapo. Anayesema ni yeye tu. Mimi kaniweka nyuma ya kichuguu, mbali, eti mama kaa hapa unibariki. Mimi! Mwenye mvure!

Kaingia majini. Kafunga kwanza kamba mpya kwenye mvure, mbele na nyuma. Ile ya nyuma kaizungusha kwenye kisiki, ndipo akayaendea mafundo yangu. Hakukata hata moja. Katoa kiunoni chuma chenye ncha, kakichomeka katikati ya fundo, kalichokonoa taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba. Mafundo kumi na mawili, maana usiku wa Jumatano nilishuka nikaongeza. Yote kayafungua. Mtu mwingine angetukana. Yeye alikuwa anapiga mluzi.

Kisha tope. Mabakuli, masufuria, vibuyu, watu wanachota. Pua ikapanda, kisha mabega, kisha mvure wote ukainuka maji yakiutiririka. Watu wakapiga vigelegele. Nami nilipiga, nyuma ya kichuguu.

Halafu ndipo alipoonyesha kwamba yeye si mtu wa mchezo. Kafunga vigogo vya migomba huku na huku ubavuni. Kaeleza ni kama yale matairi wanayoning'iniza meli isijikwangue kwenye gati, na tena vinaelea, mvure hautapinduka. Migomba! Mimi nilikuwa navitupia mbuzi. Kachukua kamba nyembamba, kaifungia jiwe ndani ya kitambaa, kailaza mkononi duara kwa duara, zote sawa. Kazungusha. Karusha. Nawaambia, ilikwenda juu ya mto ikijifungua yenyewe hewani, haikujisokota hata kidogo, ikatua ng'ambo miguuni pa Sylvesta, mtoto mkubwa wa Kezia, kama mtu kamwekea. Hatua thelathini na zaidi! Wazee walishika vinywa. Ningekuwa nimekufa ningefufuka nitazame.

Sylvesta na nduguze wakavuta nyembamba, nene ikafuata. Kwa hiyo kamba moja iko ng'ambo ya kuvutia, nyingine huku kwetu ya kuzuilia, ili mto usiubebe mvure. Reverien akatakiwa avuke darajani kusimamia wavutaji. Huku nani ashike? Kawatazama watu wote. Kamchagua Kezia.

Kezia!

Eti ndiye aliyekuwa anasikiliza. Kamfundisha mara moja tu. Mizunguko mitatu kwenye kisiki, mkono wazi, mbali na kisiki, miguu nje ya kamba. Kezia kafanya. Kamwambia legeza, kalegeza kidogo kidogo. Kamwambia shika, kakaza. Reverien kasema, na watu wote wamesikia, "Mama Sylvesta ana mikono ya baharia." Ya baharia! Mikono ile inayochuma mboga zangu!

Basi sikukaa nyuma ya kichuguu. Mvure ni wangu na haki ya kuuona ni yangu. Nikasogea mpaka pale penye kuonekana vizuri. Palikuwa na kamba imelazwa chini duara zuri, katikati pakavu, hapana tope. Nikasimama hapo na kanga yangu.

Mvure ukaondoka. Uzuri ulioje! Unakwenda kifua mbele, vigogo ubavuni, mto unausukuma, kamba ya Kezia inauzuia, unakatiza maji kama mzee anayekatiza sokoni bila haraka. Nikasahau kila kitu. Kamba ikaanza kukimbia. Ghafla naona mbingu. Nimekaa! Kamba imenishika kifundo, inanipeleka mtoni kwa makalio, tope mpaka mgongoni.

Kezia hakupiga kelele. Kajiegemeza nyuma, kaongeza mzunguko wa nne, kakaza. Mvure ukasimama katikati ya mto kama ng'ombe aliyeitwa jina lake. Hatua tatu zaidi na mimi ningekuwa samaki. Na kutoka ng'ambo sauti ikaja, sijawahi kuisikia, "Mama! Toka kwenye duara! Sasa!"

Mwanangu hajawahi kunipazia sauti tangu nimzae. Nimetoka. Ile ni sauti ya kazi. Hata jiwe lingetoka. Na bado nikawaza, kumbe ndivyo anavyoamrisha melini, na wanaume wazima wanamtii. Nikajisikia mkubwa hata kwenye tope.

Saa kumi mvure ulifika. Haukupata hata mkwaruzo. Mguu wangu umevimba.

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba

Nimelala nyumba mpya, ng'ambo, na kijiji kizima kimekuja kuniuliza mguu. Hakuna aliyeuliza bila kucheka. Tharsisi kasema, kwa cheo chake, kwamba kwa desturi yetu aliyekuokoa mguu unampa mrija wa kwanza siku ya karamu. Kwa hiyo mbele ya wakwe zangu wote wa Kibondo, wa kwanza kunyonya chungu ni Kezia.

Kezia akasema yeye hanywi. Ila kwa heshima ya mguu atanyonya.

Kaleta majani ya kukandia na maji ya chumvi. Kakanda vizuri, sitamwambia. Reverien kakaa pembeni, kaniomba radhi kwa kupaza sauti. Nikamwambia asirudie kuomba radhi kwa kitu kizuri. Kisha akaniuliza kama nimeelewa kwa nini mvure ulizama. Nimesema ndiyo. Ulizama kwa sababu ya Burundi.

Jumanne, tarehe 22 Oktoba

Leo ndiyo ile siku, na mvure uko ng'ambo, umepandishwa mpaka nyumbani, na mimi ni Theodosia!

Ndizi zimetoka shimoni njano, laini. Wanaume wamekamua kwa majani mpaka maji yakatoka kama dhahabu. Mvure umejaa na haujavuja tone. Reverien kapitisha mkono ubavuni mwake kama anavyopitisha kwenye kamba zake, kasema baba angekuwa serahangi kama angeliona ziwa. Nimekwenda nyuma ya nyumba kidogo. Moshi uliingia machoni.

Nimetia unga wa mtama, nimefunika majani ya migomba. Na mvure nimeufunga kwenye nguzo ya nyumba, fupi, mafundo matatu. Reverien katazama. Kauliza huku juu ya kilima utakwenda wapi. Nikamwambia hata mtoni mlisema hivyohivyo.

Na shauri la mrija nimelipata. Kezia atapewa mrija wa kwanza, sawa, desturi ni desturi. Hakuna aliyesema mrija uwe na urefu gani. Wa wakwe nimekata mirefu, kiasi cha mkono mzima. Wa Kezia nimekata kiganja na nusu. Atanyonya povu, ataambulia midomo mitupu mbele za watu, atauachia. Fupi!

Jumapili, tarehe 27 Oktoba

Jana wakwe wamekuja, watu ishirini na wawili, msemaji wao mzee Makarius mwenye kofia. Kila kitu kilikuwa tayari. Pombe imeiva, nyekundu, inauma ulimi pale pale inapotakiwa kuuma. Mzee Makarius kauliza imelazwa kwenye chombo gani. Nikamwonyesha mvure. Kauzunguka wote. Kavua kofia! Kaivua kwa ajili ya mvure wangu! Nimewaza ya kwamba hata nikifa usiku huu sina deni na dunia.

Kisha chungu kikawekwa katikati, Tharsisi akamwita Kezia. Nikampa mrija wake. Kautazama, kanitazama, kasema asante mama Reverien. Kauingiza, haufiki. Nikangoja.

Basi nini? Yule mwanamke alisogeza kigoda, akakikumbatia chungu kwa mikono miwili, akakiinamisha kifuani kwake kama mtoto wa kunyonya, mrija ukafika, akanyonya! Na hakuwa na namna ya kukiachia, maana akikiachia kinasimama na mrija unatoka. Wakwe wote na mirija yao mirefu wakabaki wanamzunguka wakingoja.

Sasa mzee Makarius alikuwa na blanketi la mama wa bibi harusi, zito, la mistari, limekunjwa begani mwake. Akatafuta mwenye nyumba. Akaona mama amekumbatia chungu. Nani hukumbatia chungu ila mwenyewe? Akaenda akamfunika Kezia blanketi langu, akaanza kumshukuru kwa kumlea Immakulata. Kezia hakuweza kumkatiza, mrija ulikuwa mdomoni. Alikuwa anatikisa kichwa, na mzee akadhani ni unyenyekevu, akaongeza maneno. Immakulata bibi harusi, ambaye hatakiwi kucheka, alijifunika uso na shela likawa linaruka.

Reverien akapita katikati ya watu, akamshikia Kezia chungu. Ndipo Kezia akameza, akafuta mdomo, akainuka. Kalivua blanketi, kanivisha mimi mabegani, kalinyoosha vizuri, kasema, "Mwenyewe ndiye huyu. Mimi ni mshika kamba wake tu."

Walimpigia makofi! Yeye! Mzee Makarius kasema kama kijiji kina jirani namna hiyo, mkwe wao katoka pazuri. Nimekaa na blanketi langu, lina joto zuri. Kezia kaketi karibu nami. Mrija wangu mrefu tumetumia wote wawili, kwa zamu. Anasema hanywi, ananyonya tu. Ana mapafu ya ajabu yule mama.

Immakulata kaenda. Kanishika mkono dirishani mwa gari mpaka gari likaanza kutembea, ndipo akauachia. Kaachia vizuri, kidogo kidogo, kama alivyofundisha kaka yake. Usiku huu nyumba ni kubwa.

Jumatatu, tarehe 28 Oktoba

Reverien karudi kazini na basi la asubuhi. Meli yao imeteremshwa majini, inamhitaji. Lazima inamhitaji. Nimemtazama alivyofunga begi lake, fundo moja tu, limelala kama paka. Kaniachia ile kamba ya katani. Kaniachia na kile chuma cha kufungulia mafundo, eti mama utakihitaji. Sijui kwa nini. Mafundo yangu hayafunguki.

Nami nimempa barua ya kumpelekea nahodha wake. Nimeinakili hapa ibaki.

"Kwa Nahodha. Salamu nyingi. Mimi ni mama wa serahangi wako, na nimehitimu kisomo. Mwanangu ni fundi, mwongezee cheo. Ila nimesikia kamba zenu gatini mnaziachia ndefu, halafu watu wanakesha wanazilegeza na kuzivuta. Hiyo ni kazi ya bure. Nimevusha mvure wa hatua nane, na sasa ninao nyumbani umefungwa, siku ya saba leo, haujazama. Fungeni fupi. Mafundo matatu, kisha mmwagie maji. Meli haitakwenda kokote wala haitakula maharage ya mtu. Wako, Theodosia."

Reverien kaisoma mara mbili. Uso wake ulikuwa mtulivu sana, midomo kaibana. Kaikunja, kaiweka mfuko wa ndani, karibu na moyo. Kasema itafika. Mwanangu hasemi uongo.

Nimeacha kurasa mbili wazi kwa ajili ya majibu ya nahodha.